Mwanamuke wa Mizani

Nimepima zahabu katika muji wa Bunia miaka ishirini na minane, na vidole vyangu vyote kumi viko. Tafuteni mupimaji mwingine aliyeshika asidi muda huo wote mumuulize kama anaweza kusema vile. Mapafu ni habari nyingine. Hayo ndiyo yaliyonifukuza kazini: daktari alinisikiliza mugongo, akaniambia moshi wa asidi umenitosha. Basi mwezi uliopita nilifunga kazi, nikawaachia ninyi vijana wawili meza, mizani na jina zuri. Jina nililitengeneza mwenyewe. Baba yangu hakunipa, shule haikunipa. Shule nilitoka mwaka wa nne wa musingi, siku mwalimu aliponituma nyumbani nikalete kalamu, na mpaka leo bado naitafuta.

Muliniomba niandike namna nilivyofanya kazi. Sitaandika nilipata nini, wala nani alinipandisha, nilijipandisha mwenyewe. Nitaandika kazi. Na ndani ya kazi hiyo kuna siku moja ambayo ninyi munaijua vibaya, kwa sababu mimi ndiye niliyewaelezea vibaya.

Nilianzia Bambu, magoti ndani ya maji, nikiosha muchanga kama kila kijana wa Mahagi aliyetoka kwao akisema atarudi tajiri. Muzee Yusufu alikuwa anapima pale karibu na maegesho ya magari. Mwislamu mufupi, mwenye kofia nyeupe ambayo haikuchafuka hata siku moja, na Bambu ni mahali ambapo hata kuku wana rangi ya udongo. Nilimupelekea zahabu yangu ya kwanza ndani ya karatasi ya daftari. Aliiangalia, kisha akaniangalia.

"Nani alikuonyesha kuosha namna hii?"

"Hakuna mutu, muzee. Nilijifunza mwenyewe."

"Inaonekana. Nusu yake iko muchanga."

Kesho yake nilirudi kumuomba kazi. Alinipa. Kwa wiki sita kazi ilikuwa moja tu: kusafisha jiwe.

Jiwe munalijua, lakini naandika kwa atakayekuja baada yenu. Ni jeusi, laini, kubwa kama kipande cha sabuni. Unasugua zahabu juu yake mara moja, inaacha mustari. Juu ya mustari unaangusha tone la asidi. Kama ni shaba, mustari unatoa povu la kijani na kupotea. Kama ni zahabu, mustari unabaki pale pale kama mukwe asiyetaka kuondoka. Kila jioni muzee alitaka jiwe lioshwe kwa mafuta ya ngazi, yaani mawese, na unga wa makaa mpaka lirudi jeusi kabisa. "Mustari wa jana utakudanganya leo," alisema. Nilisugua mpaka mikono yangu ikanuka kama sufuria.

Mizani nayo ilikuwa ya mukono: visahani viwili, uzi, na kidole gumba kilichotulia. Upande huu zahabu, upande ule njiti za kiberiti na vichele, yaani zile franka ndogo za chuma za zamani ambazo hata muuza karanga hazitaki tena. Ndiyo desturi yetu Ituri. Kichele kinachokataliwa sokoni kinakuja kufanya kazi kwetu. Siku moja muzee alinikuta nimegeuza kichele cha zamani za Wabeleji, naangalia picha ya tembo. Alinipiga kofi la kidole.

"Unafanya nini?"

"Naangalia tembo, muzee."

"Tembo hana uzito. Angalia mizani."

Nilishika neno hilo kwa nguvu. Kwa miaka mingi sikuangalia tena picha yoyote iliyo juu ya chuma. Mutaona lilinifikisha wapi.

Kesi nilizokata zilikuwa nyingi, nitataja moja tu ili munijue. Muchimbaji mumoja aliingia amebeba kuku wa jirani yake, muuza majani ya sombe, akisema kuku huyo amemeza zahabu yake kubwa kama punje ya hindi. Muuza sombe naye akaja nyuma akipiga kelele kwamba kuku wake hajawahi kuiba. Mutu mwingine angemuchinja. Mimi nilimufunga kuku chini ya meza, nikamupa maji na mahindi, nikaendelea na kazi. Kabla ya saa kumi kitu kilitoka. Nilikiosha, nikakisugua kwenye jiwe, nikaangusha tone. Povu la kijani. Kuku alirudi kwao kwa heshima, na mwenye shaba aliondoka bila kuaga.

Baada ya kesi kama hizo nilikuja Bunia, nikafungua duka langu, na muji wote ukaniita Dokta Zahabu. Sikuomba jina hilo, lakini sikulikataa pia. Nilifika mahali ambapo sikuhitaji tena jiwe. Mutu anafungua karatasi, naangalia tu: "Hii ya Mongbwalu. Hii ya Bambu, na umeichanganya na ya ndugu yako." Watu walikuwa wanakuja kunitazama nikitazama. Muzee Yusufu, ambaye alihamia kwangu Bambu ilipoanza kuchomwa, alikuwa anakaa kwenye kiti chake nyuma ya duka na kutikisa kichwa.

"Macho yako mazuri," aliniambia, "lakini hayaoshwi na makaa kila jioni."

Nilidhani ananisifu.

Kisha vita. Ninyi mulikuwa bado mugongoni mwa mama zenu, kwa hiyo nitasema kidogo tu. Muji huu ulibadilisha mabwana mara nyingi kuliko kitanda cha hoteli. Watu wa Djugu waliteremka na magodoro kichwani, wakajaa makanisani na kwenye viwanja vya shule. Mimi niko mutu wa Mahagi, sikuwa wa upande huu wala wa upande ule, kwa hiyo pande zote mbili zilinishuku sawasawa. Lakini walinihitaji. Mwenye bunduki akipata zahabu anataka kujua kama ni zahabu, na asidi haimuogopi mutu. Tatizo lilikuwa asidi yenyewe. Ilikuwa inapita Uganda, na kila mukono ulioishika njiani uliongeza maji. Mara nyingine nilitia tone juu ya shaba nikangoja povu kama mutu anayengoja barua.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwaka 2003, asubuhi, jua tayari limepanda. Vijana wawili wa bunduki walikuwa wamekaa kwenye benchi langu. Walileta kichupa cha zahabu, nami nilikuwa naipuliza muchanga wake. Mumoja alivaa kofia ya sufu kwenye joto lile; mwenzake alikuwa na sandali nyekundu za plastiki na bunduki amelaza mapajani kama mutoto.

Akaingia Mama Dorika.

Nilimujua kwa sura. Alitoka Fataki, mujane, na alikuwa anashona nguo kwa mukono kwenye baraza la duka lililofungwa, hatua chache kutoka kwangu. Watoto wake wakubwa waliuawa kule Fataki. Alibaki na wajukuu wawili: Furaha, wa miaka saba, na Deo, ambaye bado alikuwa anabebwa. Siku ile Deo alikuwa mugongoni, na Furaha amemushika kitenge.

Aliinama karibu na sikio langu, akatoa sindano, akafumua pindo la kitenge chake. Kikaanguka mezani kitu cha manjano.

"Papa, naomba uiyeyushe," alisema kwa sauti ya chini. "Unikatie vipande vitatu. Kimoja cha barieri ya askari, kimoja cha mwenye mashua ya Kasenyi kule ziwani, kimoja tutakula nacho Uganda. Tunataka kuteremka kesho."

Ilikuwa sarafu. Ndogo kuliko kifuniko cha chupa, nene, na nzito kuliko ilivyoonekana. Niliigeuza. Upande mumoja kichwa cha mwanaume mwenye ndevu na shingo nene, amevaa majani kichwani. Herufi zilimuzunguka, lakini kichwa hakikukaa katikati. Kilisukumwa upande mpaka herufi nyingine zikakatwa. Duara lenyewe halikuwa duara. Pembeni lilipasuka kidogo kama chapati. Upande wa pili mwanamuke amesimama, nguo ndefu, mukono mumoja ameshika kitu kinachoning'inia kwa nyuzi, mwingine ameshika kama pembe.

"Umeitoa wapi, Mama?"

"Mume wangu alimufanyia kazi Mugiriki mumoja, muuza duka wa Fataki. Wakati wa fujo za zamani alimuficha ndani ya shamba la kahawa. Mugiriki alipoondoka alimuachia hii. Alisema ni pesa ya Roma, ya wakati wa mitume."

Hapo ningepaswa kuosha jiwe vizuri, kukaa, kunyamaza. Lakini benchi ilikuwa inasikiliza, na mimi nilikuwa Dokta Zahabu.

"Pesa ya mitume!" nilisema kwa sauti. "Ilitembea kwa miguu mpaka Fataki?"

Vijana walicheka. Mwenye kofia ya sufu alisogea.

"Huyu ni nani na majani kichwani? Mbuzi aliyetoroka shambani?"

"Na huyu mwanamuke?" akauliza wa sandali nyekundu. "Ameshika nini?"

Nikatazama, haraka. Vitu viwili vinaning'inia kwenye nyuzi. "Samaki," nikasema. "Anauza samaki."

"Mama wa Kasenyi!" Walipiga mapaja.

Nilisugua sarafu kwenye jiwe. Mustari ulitoka wa manjano, manjano sana, mulaini kama siagi. Zahabu yetu haina rangi ile. Mimi nimeona zahabu ya kila shimo la Ituri, na hata siku moja sikuona manjano kama yale. Niliangusha tone. Mustari haukutoa povu. Nikangoja. Haukusogea. Na hapa, vijana wangu, mupimaji wa muji mwingine angesema: basi, ni zahabu. Mimi wa Bunia, wa wakati ule, nilisema: asidi imekufa tena. Wale wa Uganda wametia maji tena.

"Mama," nikasema, na nilisimama ili wote wasikie, "hii haiko zahabu. Ni shaba iliyopakwa. Mashine ya pesa inatoa kitu cha duara. Huyu aliyetengeneza hii alikuwa amelewa. Kichwa kimekaa upande, ukingo umepasuka. Na rangi hii ni ya kuuzia wageni."

"Mume wangu hakunidanganya."

"Hakukudanganya. Alidanganywa na Mugiriki."

Alinitazama. Nakumbuka nilikasirika kidogo kwamba ananitazama muda murefu vile mbele ya watu. Kisha aliichukua, akaketi kwenye ngazi ya mulango, akapitisha uzi kwenye sindano, akairudisha ndani ya pindo pale pale, mushono kwa mushono.

"Unairudisha ya nini, Mama?" kijana wa sandali alimucheka. "Amesema ni ya bure."

"Ni kumbukumbu ya mume wangu," alijibu. Akamushika Furaha mukono, wakaenda.

Muchana ule risasi zilisikika upande wa uwanja wa ndege. Tulifunga kila kitu haraka, tukalala chini nyuma ya ukuta. Jiwe sikuliosha.

Asubuhi iliyofuata palitulia. Nilikuwa nafagia vioo vilivyovunjika, muzee Yusufu akajivuta mpaka mezani. Alichukua jiwe. Alilielekeza kwenye mwanga wa mulango, akaliinamisha, akaliinamisha tena.

"Nani alikuja na hii?"

"Hii gani, muzee?"

"Mustari huu. Mimi nimeuona mara mbili tu tangu nizaliwe. Mara ya pili ndiyo sasa."

Nikaanza kumueleza: shaba iliyopakwa, asidi ya maji. Alichukua ufunguo wa shaba wa kufuli yetu, akausugua kando ya mustari ule, akaangusha tone kutoka chupa ile ile. Povu la kijani likapanda, na mustari wa ufunguo ukapotea hata kabla hajaweka chupa chini. Ule wa Mama Dorika ulibaki umetulia, unang'aa.

"Asidi yako iko nzima," alisema. "Kijana wangu, zahabu yetu inatoka chini na madini ya fedha ndani yake, ndiyo maana imepauka. Weye umeona hiyo tu maisha yako yote. Zahabu iliyosafishwa kabisa hujaiona hata siku moja. Ilikuja kwako, na weye ukaifukuza."

Sikusubiri. Nilikimbia mpaka kwenye lile baraza. Kulikuwa na vipande vya uzi chini na hakuna mutu. Muuza mandazi aliniambia waliondoka jua likichomoza, kwa miguu, kwa barabara ya Kasenyi. Nilitembea mpaka mwisho wa muji. Askari wakanirudisha: kule mbele wanapigana.

Siku ya tatu walianza kufika watu waliorudi kutoka njia ile. Walichosema sitaandika. Niliuliza juu ya mwanamuke mwenye watoto wawili, mushona nguo. Mumoja alisema aliona mwanamuke kama huyo. Nikamuuliza wapi. Akageuka, akaenda zake.

Nifikirieni sasa. Nilijua sawasawa nimefanya nini. Alihitaji vipande vitatu; nilimutoa mikono mitupu, na nilimucheka. Kwa barieri hana kitu, kwa mashua hana kitu. Kama wale watu watatu walikufa, waliniacha mimi hai na jina langu zuri.

Sikumuambia mutu. Muzee Yusufu alijua, lakini hakuitaja tena habari ile. Alifariki mwaka ule, na hata siku ya mwisho aliniuliza tu kama nimeosha jiwe. Nilikuwa naosha. Nilikuwa natia asidi juu ya kila kitu, hata juu ya zahabu ya watu niliowajua tangu Bambu, mara mbili, mara tatu. Watu walisema Dokta amekuwa muangalifu kwa sababu ya vita. Na kila mama muuza samaki aliyepanda kutoka Kasenyi nilimuuliza swali moja, mpaka wakanizoea: "Papa, leo pia hatujamuona."

Miaka miwili ilipita. Barabara zikafunguka, magodoro yakaanza kurudi yalikotoka. Siku moja ya soko, duka limejaa mpaka nje, wachimbaji wanasukumana, nikasikia sauti mulangoni.

"Iko wapi Dokta?"

Niliinua kichwa. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. Kando yake musichana murefu, na mutoto wa kiume anayetembea kwa miguu yake mwenyewe na kula muwa. Nilishika meza kwa mikono yote miwili. Walikuwa watatu. Nilihesabu tena; watatu.

"Watu wa Bunia," Mama Dorika alisema, na alisema kwa nguvu, "mimi nimekuja kumushukuru mutu huyu mbele yenu."

Akawaeleza. Kwenye barieri ya barabara ya Kasenyi walichukua redio, sufuria, vitenge vitatu. Walimupapasa pindo. Mumoja akachana, akatoa sarafu, akaiinua juu. Kumbe yule kijana wa sandali nyekundu alikuwa amekaa pale kando. Akaanza kucheka.

"Tupa! Iko ile ya mama wa samaki! Dokta alisema ni shaba, nilikuwepo!"

Wakamurushia usoni. Wakawaacha wapite. Kama wangeijua kuwa ni zahabu, alisema, wangetaka kujua ziko nyingine wapi, na njia waliyokuwa wanatumia kuuliza kila mutu pale aliijua. Mwenye mashua aliwavusha kwa heleni zake za harusi, ambazo alizificha ndani ya misuko ya nywele za Furaha. Ng'ambo walishona, walilima, walikaa. Sarafu bado ilikuwa ndani ya pindo.

"Aliona bunduki kwenye benchi," alisema, akininyoshea kidole. "Akasema ni ya bandia ili wamusikie. Alidanganya mbele ya bunduki, na uso wake haukubadilika!"

Duka zima likapiga makofi. Mutu akanipiga mugongoni. Mwingine akaanza wimbo. Na mimi, nilifanya nini? Nilikohoa. Nikasema, "Mama, kazi ya mupimaji ni kujua pia wakati wa kusema."

Ndiyo. Nilisema vile. Sentensi ilitoka yenyewe, imekwisha kuvaa kabisa.

Tangu siku ile nimesimulia habari hiyo mara nyingi, ninyi ndio mashahidi. Kila mara ilipata nguo mupya. Kuna mwaka nilimukonyeza Mama Dorika jicho. Kuna mwaka bunduki ziliongezeka, zikafika nne. Asidi ya maji sikuitaja hata mara moja.

Kuhusu sarafu yenyewe, mimi na Mama tulimupelekea padri mumoja muzee aliyefundisha kilatini seminari. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Alisema ni ya Roma kweli, ina miaka elfu moja mia nane na zaidi. Mwenye majani ni mufalme, na majani ni ya ushindi, si ya mbuzi. Alituambia zamani zile walipiga kila sarafu kwa nyundo, moja moja kwa mukono, kwa hiyo kichwa kukaa upande na ukingo kupasuka ndiyo dalili kwamba mutu aliitengeneza. Kisha akaigeuza.

"Huyu si mutu wa kweli," alisema. "Waroma walichora usawa kama mwanamuke. Kipimo cha haki, ambacho hakimuibii muuzaji wala munuzi. Pembe hii imejaa matunda. Na huku ameshika mizani."

Niliomba kioo cha kukuzia. Visahani viwili, nyuzi, na kidole gumba kilichotulia. Mimi niliyeshika mizani ya mukono tangu ujana wangu, kila siku isipokuwa Noeli, niliiona mizani nikasema ni samaki. Kama fundi naweza kumukosoa mwanamuke yule tu kwamba anaishika juu mno, upepo utamusumbua. Lakini macho yake yako wazi, na anaangalia visahani vyake. Hakuna benchi mbele yake.

Basi mwezi uliopita, ninyi vijana, kwa upendo wenu, mulileta muchoraji. Mulitaka achore kwenye ukuta wa duka: Dokta, bunduki mbili, mama na watoto, na maneno chini, *Aliyewadanganya wenye bunduki*. Nikasema ngojeni. Nilitoka bila kofia, nikaenda kwa Mama Dorika. Siku hizi ana cherehani mbili na kibao cha jina mulangoni. Furaha amesoma, ni muuguzi Kasenyi. Mama alikuwa anatia vifungo kwenye shati la shule.

"Mama," nilisema, "niko na neno."

"Kaa, Papa."

"Siku ile sikudanganya." Kifua kilikuwa kinanibana, na safari hii si asidi. "Sikuona bunduki. Sikufikiri juu yenu. Nilidhani ni shaba kweli. Nilikosea, Mama. Kama mungekufa, mungekufa kwa sababu yangu."

Alikata uzi kwa meno.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu pale pale. Mutu anayedanganya ili akuokoe hakukasirikii. Weye ulinikasirikia sana." Akacheka kidogo. "Papa, weye hujui kudanganya. Unajua kujisifu tu, na hiyo ni kazi nyingine."

"Basi kwa nini ulisimama mbele ya watu wote ukanishukuru?"

Aliweka shati chini.

"Nilirudi hapa nikiwa na watu wengi wa kuwalaumu. Fataki, barabara, barieri. Niliwahesabu usiku na muchana mpaka nikachoka. Nilikuwa nahitaji hata mutu mumoja wa kumushukuru. Weye ulikuwa karibu."

Sikuwa na sentensi. Kwa mara ya kwanza tangu Bambu, haikutoka yoyote. Alifungua kisanduku cha vifungo, akatoa sarafu, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Sasa ipime," alisema. "Hujawahi kuipima. Miaka yote hii umesimulia tu."

Tulikwenda dukani pamoja, ninyi mulikuwepo, mukadhani ni salamu za kustaafu. Niliosha jiwe kwa mafuta na makaa mpaka likawa jeusi. Nilisugua mara moja. Niliangusha tone, nikangoja sawasawa na muzee Yusufu alivyonifundisha, bila kumuangalia mutu yeyote. Mustari haukusogea.

"Ni zahabu, Mama," nilisema. "Safi. Zahabu ya kweli."

"Asante, Papa," alisema, akaifunga ndani ya leso, akarudi kwenye vifungo vyake. Nami nilirudi nyumbani kwa miguu, nikavuta pumzi kama mutu aliyeteremsha gunia.

Mwambieni muchoraji aende. Kama ukuta hauwezi kukaa mutupu, achore mwanamuke na mizani, na asiweke samaki. Mutafungua droo ya kushoto, mutakuta jiwe langu limefungwa ndani ya kitambaa, na mustari ule wa sarafu bado uko juu yake. Nunueni jiwe jingine la kazi, mulioshe kila jioni. Hilo langu musilioshe.